Mionzi ya kosmiki katika himaya ya Jua

Mionzi ya kosmiki ya galaksi ni chembe zenye nishati kubwa zinazoingia katika mfumo wa Jua kutoka pande zote za Njia Nyeupe. Jina "mionzi" limebaki tangu enzi za Victor Hess, aliyeigundua akiwa katika puto mwaka 1912, ingawa haifanani na nuru: takriban chembe tisa katika kila kumi ni protoni, nyingi kati ya zilizosalia ni viini vya heli, na kidogo ni viini vizito zaidi na elektroni. Zote zina chaji ya umeme, na chaji hiyo ndiyo inayoliwezesha Jua kuzitawala, kwa kuwa chembe yenye chaji hupindishwa njia kila inapokutana na uga wa sumaku.

Uhusiano wake na Jua ulithibitishwa na Scott Forbush wa Marekani. Mwaka 1954 alichapisha vipimo vya vituo kadhaa vya kati ya 1937 na 1952, kimojawapo kikiwa Huancayo nchini Peru, akaonyesha kwamba katika mzunguko wa madoa ya Jua, wa miaka 11 hivi, madoa yakizidi mionzi hupungua, na yakipungua mionzi huongezeka. Badiliko la Huancayo lilikuwa la asilimia chache tu, ilhali vihesabu nyutroni, chombo alichokibuni John Simpson mwaka 1948, huonyesha karibu na ncha za Dunia tofauti ya asilimia 20 hivi. Sababu mojawapo ni kwamba kwenye ikweta, Afrika Mashariki ikiwemo, uga wa Dunia wenyewe huzichuja chembe dhaifu, zikabaki zile kali ambazo Jua haliziwezi sana. Lakini chujio hilo halibadiliki kila miaka 11, basi haliwezi kuwa chanzo cha mzunguko wenyewe.

Chanzo ni upepo wa Jua, ambao Eugene Parker aliueleza mwaka 1958: gesi yenye chaji inayotoka katika Jua kwa mwendo wa kilomita 400 hivi kwa sekunde, ikiukokota uga wa sumaku uliojaa mikunjo. Chembe ya kosmiki inayokuja ndani ni kama mwogeleaji anayekwenda kinyume cha mkondo. Mikunjo inamrusha huku na huku, maji yanamrudisha nyuma, na hata akifika amekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake. Jua likichachamaa, milipuko hurusha mawingu ya sumaku yanayoungana mbali kuwa vizuizi vipana. Wingu moja likiipitia Dunia, mionzi huweza kushuka ndani ya saa chache, kisha ikachukua siku kadhaa kurudi; ndiko kushuka kunakobeba jina la Forbush.

Mtu anaweza kuuliza kama si galaksi yenyewe inayoongeza na kupunguza mionzi. Jibu limetoka kwa chombo cha angani Voyager 1, kilichovuka mpaka wa heliosfia, yaani eneo linalotawaliwa na upepo wa Jua, tarehe 25 Agosti 2012, umbali wa mara 121 hivi ya ule wa Dunia na Jua. Chembe za Jua zilitoweka, za galaksi zikapanda, kisha zikatulia, isipokuwa misukosuko midogo. Voyager 2 ilikuta hali kama hiyo Novemba 2018. Mtiririko wa nje ni mtulivu. Kinachopwa na kujaa kiko humu ndani.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo linawahusu wanaodhani kwamba kuhesabu madoa kunatosha. Vilele vya mionzi vya 1965, 1987 na 2009 vilichongoka, bali vya 1976 na 1997 vilikuwa bapa, ingawa nyakati zote hizo madoa yalikuwa machache. Tofauti hiyo hufuata mwelekeo wa sumaku ya Jua, ambao hugeuka karibu na kila upeo wa madoa, hivyo mzunguko kamili ni wa miaka 22. Mwaka 1977 wanasayansi Jokipii, Levy na Hubbard walieleza kwamba katika zamu moja protoni huingia kupitia upande wa ncha za Jua, na katika nyingine hufuata tabaka lililokunjamana linalotenganisha nusu mbili za uga; katika njia hii ya pili kila badiliko la mikunjo huzigusa. Elektroni hufanya kinyume chake. Chombo cha PAMELA, kilichorushwa mwaka 2006, kiliona uwiano wa positroni na elektroni ukibadilika baada ya Jua kugeuza ncha zake. Chembe hizo zina tungamo moja na zinapishana kwa chaji tu. Ni vigumu kupata shahidi bora.

Madoa, basi, ni dalili ya kazi ya sumaku, wala si kizuizi chenyewe. Mwaka 2009 vyombo vya angani vilipima mionzi mingi kuliko wakati wowote tangu vianze kuipima, kwa sababu uga uliobebwa na upepo ulikuwa umedhoofika mno; hesabu ya madoa haiwezi kushuka chini ya sifuri, uga unaweza kuendelea kupungua. Kati ya 1645 na 1715 madoa yalikaribia kutoweka, lakini berili-10, ambayo mionzi huizalisha katika angahewa, iliongezeka katika barafu ya Greenland, tena ikaendelea kupanda na kushuka. Wapo wanaosema theluji na pepo huweza kuivuruga rekodi hiyo, na ni kweli. Hata hivyo kaboni-14 katika pete za miti, inayofika huko kwa njia nyingine kabisa, nayo iliongezeka katika kipindi hicho hicho.