Kura Tatu za Tabora: Ubaguzi Ulivyoshindwa kwa Ulimi na Subira



Sisi wakazi wa Nateete tumeizoea barabara ya Masaka kwa foleni zake na boda boda zake. Lakini ukiifuata moja kwa moja, ukapita Masaka na Kyotera, utafika Mutukula, na ukivuka mpaka hapo umeingia Tanzania. Huko ng'ambo, wakati nchi ile ikiitwa Tanganyika, lilitokea jambo ambalo tungependa watoto wetu walijue. Shuleni wamesikia habari za Martin Luther King na mgomo wa mabasi wa Montgomery wa 1955 na 1956. Ni wachache waliosikia kwamba katika miaka ileile jirani zetu walikuwa wakipambana na ubaguzi wa rangi bila kushika silaha, na kwamba mtihani wao mgumu kuliko yote ulikuwa kushawishiana wao kwa wao.

Nchi moja, milango mitatu

Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Watu waligawanywa kwa rangi. Shule za Wazungu zilikuwa mbali na za Wahindi, na za Waafrika zilikuwa mbali na zote mbili. Mjini Dar es Salaam hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu, na Waafrika walikwenda Sewa Haji. Wazee wetu hapa Kampala hawatashangaa, maana Nakasero ilikuwa ya Wazungu na Mulago ilikuwa hospitali ya Waafrika.

Hata katika Baraza la Kutunga Sheria rangi ilihesabiwa. Kuanzia 1955, katika viti visivyo vya serikali, kila rangi ilipewa idadi sawa: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Ukisikia haraka utadhani ni haki. Lakini Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu walikuwa takriban 20,000 tu.

TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954 ili kuuondoa mpango huo na kudai uhuru. Kiongozi wake alikuwa Julius Nyerere, mwalimu Mkatoliki kutoka Butiama, lakini waliomzunguka Dar es Salaam wengi walikuwa Waislamu: Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, Sheikh Hassan bin Amir na wengineo. Mwezi Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kuieleza Umoja wa Mataifa hoja ya watu wake. Aliporudi aliambiwa achague kati ya kazi yake ya ualimu pale Pugu na siasa, naye akaacha kazi.

Maneno yake yalihitaji wa kuyafikisha majumbani, na hapo ndipo tunapomkuta Bibi Titi Mohamed. Mama huyu wa Kiislamu, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma na hakuwa na elimu kubwa ya shule. Mwaka 1955 alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na kwa muda mfupi akaingiza maelfu ya wanawake katika chama. Kiswahili, ambacho kwetu Uganda wengi walikuja kukiogopa kama lugha ya askari, kule kilikuwa lugha ya kuelewana kati ya makabila zaidi ya 100.

Mtego wa kura tatu

Serikali ilipotangaza uchaguzi wa 1958, iliweka masharti mazito. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo kinachotambuliwa. Juu ya hayo, kila mmoja alilazimishwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Ukiacha hata moja, karatasi yako inaharibika.

Wanachama wa TANU walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Walipokutana Tabora mwezi Januari 1958, wengi walifika wakiwa wameshaamua kususia uchaguzi. Walijiuliza: vipi mtu anayepinga ubaguzi akubali kupiga kura kwa rangi? Je, huko si kuisaliti hoja yenyewe?

Nyerere alisimama kuwapinga watu wake mwenyewe. Hoja yake ilikuwa hivi. Tukisusia, viti vyote vitachukuliwa na chama cha UTP, ambacho gavana Twining anakipenda, bila hata kushindana. Serikali itaiambia dunia kwamba wananchi wameridhika. Tukiingia, mtego utamnasa aliyeutega, kwa sababu hata kwa masharti haya wapiga kura walio wengi ni Waafrika. Mgombea wa Kizungu au wa Kiasia hatashinda bila kura zetu, basi tutawaunga mkono wale wanaoamini usawa.

Mjadala ulikuwa mkali, na mwishowe wajumbe walio wengi wakakubali. Baadhi hawakukubali. Zuberi Mtemvu aliondoka na kuanzisha chama chake.

Sisi tukiisoma habari hii tunakumbuka Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Masahaba walirudi Madina bila kufanya umra, na masharti ya mkataba yaliwauma mno, hata Sayyidna Umar akauliza maswali. Miaka miwili baadaye Makka ilifunguka. Hatulinganishi watu wala daraja zao. Tunachosema ni kwamba kukubali jambo zito kwa macho yaliyo wazi, ukijua unakokwenda, ni tofauti na unyonge.

Matunda yake

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, wa rangi zote tatu. Miongoni mwao alikuwa Sophia Mustafa, mama wa Kiislamu mwenye asili ya Kiasia, aliyechaguliwa kutoka Jimbo la Kaskazini. UTP ikafa. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Miezi miwili kabla ya uhuru lilikuja jaribio jingine. Wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere aliwakatalia kwa ukali, akasema serikali yake itajiuzulu kuliko kuweka uraia kwa rangi ya ngozi. Ubaguzi aliokuwa ameupinga ulipokuwa mikononi mwa Wazungu, aliupinga vilevile ulipotaka kuingia mikononi mwa watu wake.

Na sisi je?

Mwaka uleule wa 1959 hapa Buganda, Augustine Kamya na wenzake waliongoza mgomo wa kutonunua katika maduka ya Waasia. Malalamiko yao kuhusu biashara yalikuwa na msingi. Lakini vitisho viliingia, mashamba ya waliokaidi yakafyekwa na nyumba zikachomwa. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ikawapa Waasia siku 90 kuondoka. Maduka yalibaki, wenye kujua kuyaendesha wakaondoka, na baba zetu wakapanga foleni ya sukari na sabuni. Hasira ilikuwa na sababu yake, lakini haikupata mtu wa kuiuliza: baada ya hapo, nini?

Hatutaki kumfanya Nyerere malaika. Mwaka 1962 nchi yake ilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Bibi Titi mwenyewe alikamatwa 1969, akahukumiwa kwa uhaini, akaachiwa 1972. Historia ya kweli inabeba yote mawili, na watoto wetu wana haki ya kuyasikia yote.

Basi wazazi wenzetu, usiku mmoja baada ya chakula waulizeni watoto: ungekuwa mjumbe pale Tabora, ungepiga kura gani, na kwa nini? Msiwape jibu haraka. Waacheni wabishane kwa hoja, kila mmoja amsikilize mwenzake mpaka mwisho. Kijana anayezoea kushawishi mezani nyumbani kwao, hatakuwa mwepesi wa kuokota jiwe barabarani.

Wabillahi tawfiq.