Kanda za wazee na sauti inayopasuka

Wengi mmeniuliza: zile kanda za wazee, mbona kwenye redio zinalia vizuri, lakini zikishaingia kwenye kompyuta sauti inapasuka? Jibu lina historia yake, basi leo tuanzie mbali kidogo.

Bonde hili la Samail ndilo linalopasua milima ya Hajar na kuunganisha pwani ya Maskati na Nizwa. Ndio njia waliyoshukia wazee wengi wakienda kutafuta safari ya Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na khasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970, wengi walirudi Oman. Kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, ikawa barua yao. Asiyejua kuandika alisema tu, na salamu zikafika.

Kabla ya kaseti kulikuwa na santuri. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na His Master's Voice. Miaka mitatu tu nyuma, mwaka 1925, ndio santuri zilipoanza kurekodiwa kwa maikrofoni. Zamani mwimbaji aliimba mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yenyewe ikasukuma sindano kuchonga mfereji kwenye nta. Akipaza mno, sindano inayumba mpaka inavamia mfereji wa jirani. Dawa ilikuwa kumrudisha nyuma hatua mbili. Maikrofoni ilipokuja, fundi akaweza kupunguza sauti kwa mkono.

Kisha ikaja kanda ya sumaku, ambayo kampuni ya AEG iliionyesha Berlin mwaka 1935. Kanda ina huruma. Sauti ikizidi, sumaku inashiba kidogo kidogo. Inakuwa nzito, lakini maneno bado yanasikika.

Kompyuta haina huruma hiyo. Kwa kipimo cha CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo hupewa namba moja kati ya 65,536. Juu ya namba ya mwisho hakuna nyingine. Wimbi likipita hapo, kilele chake hukatwa bapa, kama mtende uliokatwa kichwa. Na mtende ukikatwa kichwa hauchipui tena. Ukiipunguza baadaye, utapata sauti ile ile iliyokatika, ila ndogo.

Sasa fanyeni hivi:

1. Waya wa redio usiutie kwenye tundu la pinki la maikrofoni. Tundu hilo linangojea umeme mdogo sana, na redio inatoa mwingi zaidi. Tumieni tundu la buluu. Kama laptop haina, nunueni kisanduku cha USB chenye "line in".

2. Sauti ikiwa imeshapasuka pale tunduni, kushusha kwenye programu hakusaidii. Shusheni kwenye redio yenyewe, na zimeni vikorombwezo vyote vya kuongeza besi.

3. Tafuteni kwanza pale penye makelele kuliko pote: mtu anapocheka, au vigelegele vya harusi. Pimeni hapo. Kwenye Audacity, programu ya bure, vilele viishie kati ya -12 na -6. Sifuri isiguswe kabisa.

4. Rekodini dakika moja, sikilizeni kwa hedifoni, ndio muendelee.

5. Hifadhini kwanza kama WAV. MP3 ya kutumiana itengenezwe baadaye kutoka hiyo.

Msiogope sauti kuwa ndogo. Utasikia mvumo kidogo wa kanda, basi. Sauti ndogo huongezwa, iliyokatika hairudi.

Nasisitiza haya kwa sababu kanda kuukuu huenda ikakubali kupigwa mara moja tu, kisha ikakatika au ikang'ang'ania. Na wengi waliosema humo wameshatangulia mbele ya haki. Watoto wanaozaliwa huku hawatawasikia babu na bibi zao kwa Kiswahili chao ila kwa kile tutakachokihifadhi sisi. Kwa hiyo msiwe na haraka.

Mwenye kanda aanze na ile kongwe kabisa. Wasalaam.