Virusi vya korona: Ni watu wangapi huambukizwa bila kuonyesha dalili?

Mwezi Mei 2020 foleni za malori katika mipaka ya Malaba na Busia zilifika kilomita nyingi, madereva wakisubiri kupimwa virusi vya korona na kupewa majibu. Wengi wao walikuwa na neno moja: "Mimi siumwi." Hawakuwa na homa, hawakuwa na kikohozi, na kipimajoto kilichoelekezwa kwenye paji la uso hakikuonyesha kitu. Hata hivyo baadhi yao walikutwa na virusi, wakatengwa, na mizigo yao ikabaki njiani.

Jambo hilo lilizua maswali mengi miongoni mwa wasafirishaji na wafanyabiashara. Je, mtu mzima mwenye nguvu anaweza kuwa na virusi bila kujijua? Kama ndiyo, watu wa namna hiyo ni wengi kiasi gani? Na je, wanaambukiza wengine? Wakati huo majibu yalikuwa machache. Leo tafiti zimefanyika nyingi, zikiwemo zilizowahusu madereva wa Afrika Mashariki wenyewe.

MAANA YA KUTOKUWA NA DALILI

Mtu aliyekutwa na virusi huku akiwa hana dalili anaweza kuwa katika moja ya makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wale ambao dalili bado hazijaanza. Kwa virusi vya mwaka 2020, dalili zilianza kwa wastani siku ya tano baada ya kuambukizwa, na kwa baadhi zilichelewa hadi siku ya 14. Aina ya Omicron, iliyojitokeza mwishoni mwa mwaka 2021, hufupisha muda huo hadi siku tatu hivi.

Kundi la pili ni la wale ambao huambukizwa, mwili ukapambana na virusi, na wakapona bila kuhisi chochote. Hawa ndio wasio na dalili kwa maana kamili.

Kundi la tatu ni la wale wenye dalili ndogo wasiozitilia maanani. Dereva aliyeendesha usiku kucha akaamka na kichwa kizito na koo kavu atasema ni uchovu na vumbi. Kwenye fomu ya mpakani huyo huandikwa kuwa hana dalili.

Tafiti zinazowapima watu mara moja tu huyachanganya makundi yote matatu. Tafiti zinazowafuatilia watu kwa majuma mawili au zaidi huyatenganisha. Hii ndiyo sababu kubwa ya takwimu kutofautiana.

ASILIMIA MBILI ZISIZOPASWA KUCHANGANYWA

Kuna asilimia ya wasio na dalili miongoni mwa walioambukizwa, na kuna asilimia ya wasio na dalili miongoni mwa watu wote. Mbili hizi ni tofauti sana.

Mapitio makubwa ya tafiti 95, yaliyochapishwa Desemba 2021 na kuhusisha watu zaidi ya milioni 29 waliopimwa, yalizionyesha zote mbili. Miongoni mwa waliokutwa na virusi, asilimia 40.5 hawakuwa na dalili. Lakini miongoni mwa watu wote waliopimwa, walioambukizwa bila dalili walikuwa asilimia 0.25 tu, yaani kama mtu mmoja katika kila 400.

Kwa hiyo si kweli kwamba karibu nusu ya watu wote mtaani walikuwa wakitembea na virusi bila kujua. Kilicho kweli ni kwamba kati ya wale waliokuwa na virusi, sehemu kubwa hawakujua.

Mapitio mengine yalitoa viwango tofauti. Yale yaliyohesabu tu watu waliofuatiliwa hadi mwisho, yaliyotolewa Septemba 2020, yalikadiria kuwa wasiopata dalili kabisa ni asilimia 20. Mengine ya Januari 2021 yalisema ni angalau theluthi moja. Vijana walikuwa wengi zaidi katika kundi hili kuliko wazee.

MELI NA KIJIJI

Mfano wa kwanza uliojulikana duniani ulitokea baharini. Februari 2020 meli ya kitalii ya Diamond Princess ilizuiliwa katika bandari ya Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Hadi mwisho walioambukizwa walikuwa 712. Hadi Februari 20, karibu nusu ya waliokutwa na virusi hawakuwa na dalili siku ya kupimwa. Wataalamu walipokokotoa wangapi wasingepata dalili kabisa, walipata asilimia 18 hivi.

Mfano wa pili ni mji mdogo wa Vo', kaskazini mwa Italia, wenye wakazi wapatao 3,200. Baada ya kifo cha kwanza Februari 2020, mji ulifungwa na wakazi wengi wakapimwa mara mbili. Asilimia 2.6 walikutwa na virusi mara ya kwanza, na asilimia 1.2 mara ya pili. Zaidi ya asilimia 42 ya walioambukizwa hawakuwa na dalili.

Huko Iceland, ambako watu wa kawaida walialikwa kupimwa, asilimia 43 ya waliokutwa na virusi walisema hawana dalili yoyote. Nchi zilikuwa tofauti, lakini viwango vilikaribiana.

KENYA: DAMU ILISEMA KULIKO HESABU ZA KILA SIKU

Kipimo cha pua na koo humkuta mtu mwenye virusi siku hiyo. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani alama zinazobaki baada ya mwili kupambana na virusi. Kwa hiyo damu huonyesha hata wale walioambukizwa na kupona bila kujua.

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 2020. Hadi mwisho wa Mei idadi iliyotangazwa ilikuwa watu 2,000 hivi. Lakini watafiti walipochunguza damu ya wachangiaji 3,098 iliyotolewa kati ya Aprili na Juni 2020, walikadiria kuwa asilimia 4.3 walikuwa wameshaambukizwa. Mombasa ilikuwa asilimia 8.0, Nairobi asilimia 7.3 na Kisumu asilimia 5.5. Wachangiaji damu ni watu wanaojiona wazima, kwa kuwa mgonjwa haruhusiwi kutoa damu. Kwa nchi nzima ya watu zaidi ya milioni 47, maana yake ni kwamba walioambukizwa walizidi kwa mbali sana waliotangazwa.

Utafiti uliowahusu wasomaji wa sekta ya usafirishaji moja kwa moja ulifanyika baadaye mwaka huo huo. Damu ya madereva wa malori na matingo nchini Kenya ilipopimwa kufikia Oktoba 2020, asilimia 42.3 walikutwa na kingamwili. Miongoni mwa wachangiaji damu wa nchi nzima, makadirio ya Septemba yalikuwa asilimia 9.1. Kwa maneno mengine, wakati raia mmoja katika kila 11 alikuwa ameshaguswa na virusi, barabarani walikuwa wanne katika kila kumi. Na watu hao walikuwa kazini, usukani mkononi, wakila na kulala katika vituo kama Mlolongo, Mai Mahiu na Salgaa.

Takwimu hiyo inasomeka kwa namna mbili. Inaonyesha kuwa virusi vilisafiri kweli na malori. Lakini inaonyesha pia kuwa madereva ndio waliobeba hatari kubwa ili chakula, dawa na mafuta vifike nchi zisizo na bandari, huku wakinyooshewa vidole kila kituo.

ZAMBIA: MTU MMOJA ALITANGAZWA, TISINI WALIACHWA

Kwenye njia ya Dar es Salaam kwenda Lusaka hali ilikuwa hiyo hiyo. Mei 2020 Zambia iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, unaopakana na Tunduma, baada ya maambukizi mengi kugunduliwa hapo kwa mkupuo. Malori yalijaa upande wa Tanzania.

Julai 2020 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya sita za Zambia, wakapima pua na damu. Asilimia 10.6 ya watu walikutwa na alama za maambukizi ya sasa au ya zamani. Hesabu ilionyesha kuwa kwa kila mtu mmoja aliyekuwa ametangazwa katika wilaya hizo, walioambukizwa walikuwa 92. Wengi hawakupimwa kwa sababu hawakuona sababu ya kwenda hospitali.

Aprili 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) kanda ya Afrika lilitoa picha ya bara zima. Lilikadiria kuwa kufikia Septemba 2021 theluthi mbili ya Waafrika walikuwa wameambukizwa, na kwamba idadi halisi huenda ilikuwa mara 97 ya iliyotangazwa. Lilisema pia kuwa asilimia 67 ya waliokutwa na virusi barani hawakuwa na dalili. Sababu mojawapo ni umri, kwani karibu nusu ya wakazi wa bara hili wako chini ya miaka 20. Nyingine ni uhaba wa vipimo.

JE, ASIYE NA DALILI HUAMBUKIZA?

Ndiyo, lakini si kwa kiwango kimoja. Mtu ambaye dalili zake ziko karibu kuanza ni hatari zaidi, kwa kuwa virusi huwa vingi mwilini siku moja au mbili kabla ya homa. Ambaye hapati dalili kabisa huambukiza pia, ila kwa wastani kidogo zaidi.

Makadirio yaliyochapishwa Januari 2021 yalionyesha kuwa zaidi ya nusu ya maambukizi yote, asilimia 59, yalitoka kwa watu wasio na dalili: asilimia 35 kwa wale ambao dalili bado hazijaanza, na asilimia 24 kwa wale wasiozipata kabisa. Kwa upande mwingine, huko Wuhan, China, watu karibu milioni 9.9 walipimwa kati ya Mei na Juni 2020 baada ya mji kufunguliwa. Walikutwa 300 wasio na dalili, na hakuna hata mmoja kati ya watu wao wa karibu 1,174 aliyekutwa na virusi. Huenda wengi wao walikuwa wamebakiwa na mabaki tu ya virusi.

KWA NINI MAJIBU YA MPAKANI YALIPINGANA

Ugomvi uliowachosha madereva wengi ulikuwa huu: upande mmoja wa mpaka unasema una virusi, upande wa pili unasema huna. Mei 2020, baada ya Kenya kufunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na kutaka kila dereva apimwe, jambo hili lilisimamisha malori Namanga na Horohoro hadi maofisa wa nchi mbili walipokutana.

Mara nyingi palikuwa na sababu za kitaalamu, bila mtu yeyote kusema uongo. Kipimo cha PCR kinaweza kukuta mabaki ya virusi majuma kadhaa baada ya mtu kupona, na mabaki hayo leo yakaonekana, kesho yasionekane. Sampuli ikichukuliwa vibaya, virusi havipatikani. Na aliyeambukizwa jana hataonekana leo.

Ndiyo maana pia kipimajoto peke yake hakikutosha. Chukua mfano wa hesabu: kama madereva 1,000 wanapita mpakani na 20 wana virusi, kwa kiwango cha asilimia 40 wanane watapita bila homa wala kikohozi. Vilevile cheti cha siku 14, kilichotumika katika mfumo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kufuatilia mizigo na madereva, kilieleza hali ya siku ya kupimwa. Hakikuweza kueleza kilichompata dereva njiani siku ya tano.

FUNZO KWA WAFANYABIASHARA

Mei 5, 2023 WHO ilitangaza kuwa UVIKO-19 si dharura tena ya afya ya dunia. Virusi bado vipo, lakini chanjo na maambukizi ya awali vimewapa watu wengi kinga.

Hata hivyo ugonjwa mwingine wa njia ya hewa unaweza kuja, na mipaka ikafungwa tena. Uzoefu wa mwaka 2020 unaacha mambo manne ya kukumbuka:

- Kujisikia mzima si uthibitisho wa kutokuwa na virusi. Dereva anayekutwa navyo bila dalili si lazima awe amedanganya au amedanganywa.

- Majibu ya kipimo yana tarehe. Mwenye mzigo apange safari kwa kuzingatia siku ya kupimwa na muda wa cheti, hasa kwa bidhaa zinazooza kama ndizi, nyanya na maziwa.

- Kinga ya kweli iko kwenye mwenendo wa safari: kupunguza watu kwenye kabati la lori, kufungua madirisha, kuvaa barakoa ofisini kwa wakala wa forodha, na kutolundikana kwenye foleni za majibu, ambako waliokuwa wazima nao waliweza kuambukizwa.

- Nchi yenye idadi ndogo iliyotangazwa si lazima iwe na maambukizi machache. Huenda imepima watu wachache.

Aliyesema "siumwi" pale Malaba huenda alisema kweli tupu. Aliyempima na kumkuta na virusi huenda naye alisema kweli. Gharama ya kutolijua hilo ilikuwa mizigo iliyooza, mishahara iliyochelewa, na madereva waliotengwa mbali na familia zao wakionekana kama wahalifu.