Kuziba na Kushona

Geuza kava la pikipiki upande wa ndani, pale ambapo rangi haikufika, utaona herufi mbili au tatu zilizochapwa kwenye plastiki yenyewe: ABS, PP au PE. Abiria hazioni. Hata dereva anaweza kumaliza mwaka bila kujua kwamba zipo. Lakini kava likipasuka, herufi hizo ndizo zinazoamua kama litapona kwa gundi, kwa moto au kwa uzi.

PE ni polithini. Mwezi Machi 1933, katika kiwanda cha kemikali cha ICI huko Winnington, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakifanya majaribio ya gesi ya ethilini chini ya shinikizo kubwa. Ndani ya chombo chao wakakuta kitu cheupe kama nta, kitu ambacho hawakuwa wakikitafuta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kikatumika kufunika nyaya za rada. Kisha, Agosti 1958, kampuni ya Honda ya Japani ikatoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub C100, yenye kinga ya miguu iliyotengenezwa kwa polithini.

Tukiona kava la plastiki, mawazo hukimbilia kwenye mashindano ya mbio. Lakini pikipiki nyingi za mbio za miaka ya 1950 zilivikwa bati la alumini lililofuliwa kwa nyundo. Plastiki iliingia kwa mlango wa kazi. Takeo Fujisawa, aliyekuwa msimamizi wa biashara ya Honda, alitaka chombo ambacho kijana wa kupeleka tambi za soba angekiendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umebeba sinia. Alitaka pia injini na nyaya zifichwe, ili mtu ambaye hajawahi kupanda pikipiki asiogope. Plastiki ilikuwa nyepesi, na ilifaa kutengenezwa kwa wingi. Kufikia 2017, Super Cub milioni 100 zilikuwa zimetoka viwandani. Kwa hiyo kava la plastiki, tangu mwanzo wake, ni vazi la mtu anayetafuta riziki barabarani.

Kaka yangu ni mmoja wa watu hao. Anaendesha bodaboda Dar es Salaam kwa mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na siku zikitimia pikipiki inakuwa yake. Masika yaliyopita aliteleza kwenye tope. Yeye alichubuka kiwiko tu, lakini kava la kushoto lilipasuka kuanzia tundu la bolti hadi karibu na tangi la mafuta. Ukiwa nje ya mkataba, ufa ni ufa. Ukiwa ndani yake, ni ushahidi. Mwenye chombo hafungui injini kuangalia hali ya oili. Anazunguka pikipiki mara moja, anatazama plastiki, na kutokana na plastiki anaamua kama chombo chake kinatunzwa. Kava jipya lingekula hesabu ya siku kadhaa. Hesabu ikilala mara mbili tatu, mkataba unaweza kuvunjwa, na miezi yote aliyokwisha kulipa ikapotea.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa historia, na kazi niliyopewa usiku ule uani kwetu ilikuwa kushika tochi. Niliuliza kwa nini asitumie supa gluu, imalizike tulale.

“Gluu inaziba, mdogo wangu,” akasema. “Haishiki.”

Jibu hilo limenisumbua kuliko makala nyingi nilizosoma muhula ule. Supa gluu ina historia yake. Harry Coover wa kampuni ya Kodak, Marekani, aliikuta wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia katika utafiti wa kutengeneza vioo vya plastiki vya kulengea bunduki, akaiweka kando kwa sababu ilinata kila mahali. Ilianza kuuzwa 1958, mwaka uleule wa Super Cub. Inashika haraka, lakini ikikauka inakuwa ngumu na kavu kama kioo. Ukibandikia kikombe kilichovunjika, kinaweza kukaa kabatini miaka. Ukibandikia kava la pikipiki, kesho yake lipo juu ya injini inayotetemeka, katika barabara yenye mashimo, chini ya jua la saa saba. Plastiki inapinda kidogo, gluu haipindi, na ufa unafunguka tena palepale.

Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kwa ukuta, kwa sababu ukuta umesimama. Kwa kitu kinachotikisika, kuziba peke yake hakutoshi. Kinahitaji kiungo kinachokubali kutikisika nacho.

Pwani yetu imeijua hoja hii kwa muda mrefu. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa karne ya kwanza baada ya Kristo na ambacho ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi kuhusu pwani ya Afrika Mashariki, kinataja soko la mbali kabisa kusini lililoitwa Rhapta. Kinaeleza kwamba jina hilo lilitokana na mashua zilizoshonwa. Yaani tunapoanza kuonekana katika maandishi, tunaonekana tukiwa na uzi. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama walipofika Kisiwa cha Msumbiji, nao waliandika kuhusu vyombo visivyo na misumari, mbao zake zikiwa zimefungwa kwa kamba. Visiwa vya Lamu viliendelea kuunda mitepe, mbao zikishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza faida ya vyombo vilivyoshonwa vya Bahari ya Hindi: chombo cha misumari ya chuma kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa kina ulaini fulani, hivyo hakisambaratiki. Tusiupambe mshono, hata hivyo. Mtepe ulivuja, mabaharia walikuwa na kazi ya kukumba maji safari nzima, na kamba zilihitaji kufanywa upya. Mshono ni makubaliano na uharibifu: utanisumbua, lakini hutaniangusha.

Sidai kwamba fundi wa bodaboda alirithi sindano ya fundi wa mtepe. Hakuna mnyororo wa ushahidi unaowaunganisha, na mwanafunzi wa historia anafundishwa mapema kutofunga mahali pasipo na kamba. Ninachodai ni kidogo zaidi: tatizo lilelile, katika mikono ya watu wasioweza kununua kipya, limezaa jibu lilelile. Ndoo na mabeseni yaliyopasuka yameshonwa katika nyumba nyingi nchini. Kabla ya plastiki, vibuyu vilishonwa.

Kava la kaka lilikuwa ABS, na hilo lilikuwa bahati. ABS imeungwa kwa viambata vitatu, na kimoja wapo ni mpira, ndiyo maana huvumilia kugongwa. Pia huyeyuka katika asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. PP na PE hukataa asetoni na karibu kila gundi ya dukani. Hizo dawa yake ni moto au waya. Alianza kwa kutoboa tundu dogo mwisho wa ufa, ili nguvu inayouvuta isambae na ufa usiendelee kusafiri. Akatoboa matundu mengine pande zote mbili kwa msumari uliopashwa moto, akapitisha waya mwembamba, akaukaza kwa koleo upande wa ndani. Kisha, kwa kile chuma cha umeme cha mafundi redio, akauzamisha waya ndani ya plastiki. Moshi wake ni mbaya, kwa hiyo kazi hii hufanywa nje, upepo ukiwa nyuma yako.

Juu ya mshono akapaka uji mzito aliouandaa kwa kuloweka vipande vya kava jingine la ABS ndani ya asetoni. Asetoni ilipokwisha kuruka, uji ukawa plastiki tena. Asubuhi akapiga msasa, akapuliza rangi. Kutoka nje ulionekana mstari hafifu, na ulihitaji kujua pa kutazama.

Siku ya ukaguzi mwenye chombo aliizunguka pikipiki kama kawaida yake, akapokea hesabu, akaondoka. Mkataba umebakiza miezi minne.

Kila mtu niliyemtaja hapa ana nafasi yake katika maandishi: Fawcett, Gibson, Coover, Fujisawa. Mwandishi wa Periplus hatujui jina lake, lakini maneno yake yapo. Waliozishona mashua za Rhapta wamebaki kama neno moja ndani ya sentensi ya mtu mwingine. Na mshono mzuri unazidisha hasara hiyo, kwa sababu kazi yake ni kutoonekana: kaka alilipwa kwa kutoulizwa swali. Nyaraka za kampuni zitahifadhi ni makava mangapi yalitengenezwa. Hazitahifadhi ni mangapi yaliyoshonwa yakaendelea na kazi. Kwa sasa kumbukumbu hiyo ipo upande wa ndani wa plastiki, ambako rangi haikufika, waya kumi na mmoja ukiwa umezama jirani na herufi tatu za kiwandani.