Sakafu Nyekundu

Wanangu wanataka nyumba yetu ya Chang'ombe iwekwe marumaru, na fundi amekwisha kupima.

Neno sakafu tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni dari. Wala halikupotoka: katika nyumba za mawe za Unguja, dari ya wa chini ndiyo sakafu ya wa juu. Boriti za mikoko zilipangwa, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa ikapondwa hadi ikashikamana. Urefu wa boriti, kama meta 3 hivi, ndio uliotawala upana wa chumba.

Sisi wa bara tulikanyaga udongo. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza mwaka 1966. Nami nilijenga 1968. Saruji ikatiwa rangi nyekundu, ikasuguliwa kwa mwiko, na marehemu mke wangu akaipaka nta kila Jumamosi.

Marumaru haishiki juu ya nta, kwa hiyo fundi ataigongagonga yote kwanza. Sebule nimekubali. Chumbani, kando ya kitanda, rangi imefifia pale alipokuwa akipiga magoti kusali. Nimemwambia fundi apunguze maboksi.