Kamba Yenye Udongo: Upendo wa Mungu Katika Siku ya Mwisho

Mwaka 379 askofu Gregori wa Nisa alifunga safari kwenda Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, kumwona dada yake Makrina. Ndugu yao Basili alikuwa amefariki karibuni na msiba ulikuwa bado mbichi. Akamkuta dada yuko taabani, amelala chini juu ya ubao uliotandikwa gunia, ubao mwingine ukiwa ndio mto. Alikwenda kufarijiwa, akaishia kufundishwa.

Mazungumzo yao Gregori aliyaandika kitabu, na humo dada mtu anaitwa Mwalimu. Walipofika kwenye moto wa hukumu, Makrina akatoa mfano wa kamba. Ipake kamba udongo mzito hadi ugande, upenyeze ncha yake kwenye tundu jembamba, kisha mtu aivute kwa nguvu kutoka upande wa pili. Kamba itapita, udongo utakwanguka na kubaki nje. Roho nayo huvutwa hivyo. Uchungu upo, na unene wa udongo ndio unaoamua uchungu huo utakuwa mkali kiasi gani, lakini Mungu havuti ili aumize. Anavuta kilicho chake.

Sijui mfano mwingine wa kale unaosema jambo hili waziwazi hivi. Wengi wetu tumekuzwa na mahubiri ya kiama yanayoanza na moto na kuishia motoni, tukasahau kwamba hata Ufunuo wa Yohana, kitabu cha kisiwa cha Patmo chenye mapigo, joka na ziwa la moto, kinafikia tamati kwenye arusi, katika mji usiofungwa malango, Mungu mwenyewe akiwafuta watu machozi.

Makrina hakuwa wa kwanza. Origene wa Aleksandria, aliyefariki mnamo 254, alikwisha kufundisha kwamba moto wa Mungu ni dawa. Mwafrika mwenzake, Agostino wa Hippo, aliikataa hoja hiyo katika kitabu chake Mji wa Mungu, na sauti yake ndiyo iliyotawala Magharibi. Mtaguso wa Konstantinopoli wa 553 ukamtaja Origene miongoni mwa wazushi. Gregori hakuguswa.

Mbegu ikaota mbali zaidi. Katika karne ya 7, Beth Qatraye, yaani pwani ya Ghuba ilipo Qatar ya leo, alizaliwa Isaka, mtawa wa Kanisa la Mashariki. Alifanywa askofu wa Ninawi, akakaa miezi 5 tu. Simulizi la kale linasema watu wawili walimjia wakigombania deni. Isaka akamsihi mdai, kwa ajili ya Injili, ampe mwenzake walau siku moja. Mdai akamjibu aiweke Injili kando. Isaka akaona kama Injili haina nafasi pale, yeye anafanya nini? Akaacha uaskofu, akapanda milimani kuishi na wakaapweke, akasoma hadi macho yakapofuka.

Huko aliandika kwa Kisiria neno linalonitetemesha kila nikilirudia: wanaoteswa jehanamu wanachapwa na upendo. Kwake, kudhani kwamba wakosefu wamenyimwa upendo wa Mungu ni kosa. Upendo ni uleule mmoja. Kwa aliyeupokea ni furaha, kwa aliyeusaliti ni majuto makali kuliko adhabu yoyote. Aliyewahi kusamehewa na mama aliyemkosea vibaya anaujua mchomo huo.

Sehemu ya pili ya maandishi yake ilidhaniwa imepotea, hadi mwaka 1983 msomi Sebastian Brock alipoitambua nakala yake katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Humo mna sura nzima kuhusu jehanamu, na Isaka anashikilia kwamba Mungu halipizi kisasi, na kwamba hata mahali pale pa mateso pamewekwa kwa huruma, kwa ajili ya mema yatakayokuja. Novemba 2024 Papa Fransisko aliliingiza jina la mtawa huyo katika orodha ya watakatifu wa Kanisa la Roma. Mdai wa Ninawi, aliyekataa kungoja siku moja, simulizi halikututajia jina lake.