Selimundu: ugonjwa unaorithiwa kwa baba na mama

Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za duara, hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kufa mapema. Ndiyo maana mtoto huvimba vidole, hupata maumivu makali ya mifupa na kupungukiwa damu.

Mgonjwa amerithi vinasaba viwili vya selimundu, kimoja kwa baba na kingine kwa mama. Mwenye kimoja tu kwa kawaida haumwi, lakini anaweza kukirithisha. Baba na mama wakiwa na kimoja kimoja, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kumpata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo tunasisitiza: si laana, si uchawi, wala mama asibebeshwe lawama peke yake.

Kwa nini ugonjwa huu ni mwingi kwetu? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini humo. Aliona kinasaba hicho ni kingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini haba nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye kinasaba kimoja ana kinga kiasi dhidi ya malaria. Lakini kwa mgonjwa mwenye viwili, malaria ni hatari sana.

Tunawashauri wachumba wapime damu mapema. Mtoto mwenye selimundu akipata homa, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.